Denis Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto wa Ziwa Victoria

MWAKA 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji aliitwa wodini kumtazama mvulana wa miaka mitano ambaye uso wake ulikuwa umeharibiwa na uvimbe. Uvimbe huo ulikuwa umekamata taya la juu na la chini, upande wa kulia na wa kushoto.

Aliyemwita alikuwa Dkt Hugh Trowell, tabibu aliyeheshimika sana nchini Uganda wakati huo. Aliyeitwa alikuwa Denis Parsons Burkitt, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, aliyekuwa na umri wa miaka 46. Katika miaka yote aliyoshika kisu cha upasuaji, Burkitt hakuwa amewahi kuona uvimbe uliozuka pembe zote nne za taya kwa wakati mmoja. Hakuwa na jina la kuupa, wala tiba. Alipiga picha na kuandika maelezo.

Haukupita muda mrefu kabla ya kuzuru hospitali ya Jinja. Akiwa humo alichungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi nyasini na mamaye, uso umevimba vivyo hivyo. Alitoka nje kumchunguza, akagundua kwamba tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Mtoto wa kwanza angeweza kuwa ajabu ya dunia, lakini wa pili alimfanya daktari huyo ashuku kwamba kuna ugonjwa mmoja ambao vitabu havijautaja.

Jinja imejengwa kandoni mwa Ziwa Victoria. Anayeufuata ufuo huo kuelekea mashariki huvuka mpaka wa Kenya, akapita Busia na Siaya, akafika Kisumu na hatimaye Homa Bay na Migori. Katika vijiji vya ukanda huo wote, watoto waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo walikuwa wakizikwa bila yeyote kujua kwamba kilichowaua ni aina moja ya saratani.

Leo saratani hiyo hujulikana ulimwenguni kwa jina la Burkitt. Ni saratani ya seli nyeupe za damu zinazokaa katika tezi za limfu, nayo huhesabiwa katika kundi la saratani za damu. Maisha ya mtu aliyeipa jina yanaeleza jinsi ilivyojulikana na jinsi ilivyopata dawa. Yanaeleza pia kwa nini mtoto wa ufuoni anaweza kupona uvimbe, kisha akauawa na kikombe cha maji.

MWANA WA MCHORA RAMANI

Denis Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 karibu na mji wa Enniskillen. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa serikali ya wilaya. Hata hivyo, mzee huyo alipata sifa kwa jambo lingine kabisa. Aliwanasa ndege wadogo bustanini mwake, akawavisha pete za chuma miguuni na kuchora ramani ya mahali ambapo kila mmoja aliishi na kuimba. Wataalamu wa ndege humkumbuka hadi leo kwa kazi hiyo.

Kijana Denis alikua akiona kwamba ukitaka kuelewa kiumbe, huna budi kwanza kujua anakaa wapi. Somo hilo lilimfaa baadaye kuliko mengi aliyofunzwa darasani.

Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na mvulana mwenzake lilimvunjia miwani na vioo vikaingia jichoni. Jicho la kulia likaondolewa. Tangu siku hiyo aliishi kwa jicho moja, akasoma kwa jicho moja na hatimaye akapasua wagonjwa kwa jicho hilo hilo moja.

Alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama babaye, lakini imani yake ya Kikristo, ambayo hakuiacha hadi kufa, ilimwelekeza kwenye utabibu. Alihitimu mwaka 1935 na kuthibitishwa kuwa daktari mpasuaji mjini Edinburgh mwaka 1938.

Alipoomba kazi katika idara ya afya ya makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Alijiunga na kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza mwaka 1941, akahudumu Kenya, Somaliland na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na wakajaliwa mabinti watatu.

Kenya haikuwa ngeni kwa ukoo wake. Amu yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji aliyejulikana sana Nairobi tangu mji huo ulipokuwa mchanga.

Baada ya vita, mwaka 1946, Denis aliajiriwa Uganda na kutumwa Lira, kaskazini mwa nchi. Huko aliona kwamba wanaume wa upande mmoja wa wilaya waliugua busha kwa wingi, ilhali wa upande wa pili hawakuugua ila kwa nadra. Aliuhesabu ugonjwa huo mahali kwa mahali, akauweka kwenye ramani na kuchapisha matokeo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yake ya kwanza ya maradhi. Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, ambako pia alijishughulisha na utengenezaji wa miguu ya bandia ya bei nafuu kwa walemavu waliokuwa hawana uwezo.

SAFARI YA MAILI 10,000

Baada ya watoto wale wawili wa mwaka 1957, Burkitt alifukua kumbukumbu za Mulago. Alikuta kwamba watoto wengi waliofariki kwa uvimbe uliopewa majina tofauti tofauti, wengine wa figo, wengine wa ini, wengine wa taya, walikuwa na alama zinazofanana. Makala yake ya kwanza kuhusu jambo hilo yalitoka mwaka 1958 katika jarida la madaktari wapasuaji la Uingereza. Wasomaji wachache waliyajali.

Wataalamu wa maabara Mulago, akiwemo Mmarekani Gregory O'Conor, walizitazama seli za uvimbe huo kwa darubini na kubainisha kwamba ni saratani ya tezi za limfu. Burkitt naye aliuliza swali alilorithi kwa babaye: wapi?

Kwa ruzuku ya pauni 25 pekee, alichapisha vijikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiomba kujulishwa iwapo kuna aliyemwona mtoto wa namna hiyo. Majibu yalipokuja, alichomeka pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zilifanya mkanda uliokatiza bara kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia ulioteremka kusini kufuata pwani ya mashariki.

Oktoba 1961 aliamua kwenda kuuona mwisho wa mkia huo. Alinunua gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954 kwa pauni 250, akaondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams, daktari wa misheni aliyekuwa pia stadi wa kutengeneza magari, na Cliff Nelson, daktari wa serikali. Kwa muda wa wiki 10 hivi walisafiri takriban maili 10,000, wakashuka hadi Afrika Kusini na kurudi, na kuzuru hospitali zipatazo 60.

Kila walikofika walionyesha picha na kuuliza swali lile lile. Jibu lilikuwa ndiyo au la, na mpaka kati ya majibu hayo mawili haukufuata kabila wala chakula. Ulifuata kimo cha ardhi, joto na mvua. Katika Afrika Mashariki, ugonjwa ulitoweka kwenye nyanda zilizozidi mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini kwenye baridi zaidi, ndivyo mpaka ulivyoshuka kuelekea mabondeni.

Kwa mkazi wa magharibi mwa Kenya, ramani hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo ina joto, mvua na mbu. Mtu akipanda milima ya Nandi iliyo karibu, baridi huingia na mbu hupungua. Saratani ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa chini kuliko wa juu.

Mtaalamu wa virusi Alexander Haddow, aliyekuwa akifanya kazi Entebbe, alikuwa miongoni mwa waliotambua kwamba mipaka hiyo yafanana na ya magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Baadaye Mmarekani Gilbert Dalldorf, aliyefanya utafiti Nairobi na wenzake, alielekeza kidole kwa malaria. Burkitt mwenyewe alikuja kukubali kwamba malaria isiyokoma, ikishirikiana na kirusi fulani, ndiyo hutayarisha mwili wa mtoto kwa saratani hiyo.

MAJI YALIYOTIBUKA

Kirusi hicho kilipatikana kwa njia ambayo ilikaribia kuharibika kwa sababu ya dhana ya bakteria.

Machi 22, 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa mtafiti kijana, Anthony Epstein. Alipomsikia daktari huyo akieleza saratani inayofuata joto na mvua, Epstein aliwaza kwamba huenda inasababishwa na kirusi. Wawili hao walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakukupatikana chochote. Kisha, Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande cha uvimbe ilizuiwa na ukungu London, ikaelekezwa Manchester. Kilipofika maabara saa za alasiri, maji yaliyokihifadhi yalikuwa yametibuka. Mtu yeyote angedhani kwamba yameingiwa na bakteria na kuyamwaga. Epstein aliweka tone chini ya darubini, akakuta hayana bakteria. Kilichoyatibua kilikuwa seli hai za saratani zilizochomoka na kuelea zenyewe.

Kutokana na seli hizo, Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikuza saratani hiyo maabarani, na mwaka 1964 wakatangaza kwamba ndani yake wameona kirusi kipya. Kirusi hicho, kinachoitwa Epstein-Barr, kilikuwa cha kwanza kuhusishwa na saratani kwa wanadamu.

Huenea kwa mate, na karibu kila mtu duniani huwa nacho. Katika utafiti uliolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, ilionekana kwamba wa Kisumu hukipata wakiwa wachanga zaidi. Kirusi kikiingia mapema, na malaria ikirudi tena na tena, seli za kinga hulazimika kugawanyika pasi na kupumzika, hadi moja ipotoke na kugeuka saratani.

DAWA NA KIVULI CHAKE

Burkitt alikuwa daktari mpasuaji, lakini aliona mapema kwamba kisu hakiwezi kuushinda ugonjwa huu. Uvimbe wa taya ulikua kwa kasi ya kutisha, na kuukata kulimwachia mtoto makovu bila kumwokoa. Hospitali yake haikuwa na mashine ya mionzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wa saratani kutoka New York walifika Afrika Mashariki wakiwa na dawa mpya. Burkitt alizijaribu Kampala, na Peter Clifford akazijaribu Nairobi. Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe uliokuwa umelifumba jicho la mtoto ulinywea katika siku chache. Baadhi ya watoto waliopewa dozi moja au mbili tu walipona, wakakua.

Katika enzi ambayo saratani ya damu ilikuwa sawa na hukumu ya kifo karibu kila mahali duniani, habari hizo zilikuwa za ajabu. Mwaka 1967 kituo maalumu cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt hakudai kwamba dawa pekee ndizo zilizoponya. Dozi alizotoa zilikuwa ndogo mno kuweza kuua kila seli ya saratani, hivyo aliamini kwamba kinga ya mtoto mwenyewe ilimalizia kazi. Fikira hiyo ni muhimu, kwa kuwa dawa za saratani haziui seli mbovu tu. Huua pia seli zinazokua haraka katika uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa seli nyeupe zinazoulinda mwili.

Kwa kawaida, wiki moja hadi mbili baada ya dozi, seli hizo hupungua sana. Papo hapo dawa hizo huchubua utando wa kinywa na wa utumbo, na kuacha vidonda ambavyo bakteria wanaweza kupenyea kuingia katika damu. Chakula ambacho kingemletea mtoto mzima tumbo la kuendesha la siku mbili kinaweza kumletea mtoto huyu sumu ya damu inayoua kwa saa chache.

Hapo ndipo ufuo unapoingia kwa mara ya pili katika hatima yake. Mara ya kwanza ulimpa malaria na saratani. Sasa unamsubiri kwenye sahani.

SAMAKI, MAJI NA MAZIWA

Bakteria wanaoitwa salmonela hupatikana katika nyama, mayai, maziwa yasiyochemshwa, na chochote kilichoguswa na kinyesi cha mtu au mnyama. Magharibi mwa Kenya, watafiti wameonyesha kwa miaka mingi kwamba salmonela wasio wa homa ya matumbo ni miongoni mwa bakteria wanaoingia mara nyingi katika damu ya watoto wadogo. Wanaoshambuliwa zaidi ni wenye malaria, upungufu wa damu, utapiamlo au virusi vya Ukimwi. Malaria hudhoofisha uwezo wa seli nyeupe wa kuwaua bakteria hao.

Kwa hiyo mtoto wa saratani ya Burkitt ana mizigo kadhaa kwa pamoja. Ametoka katika eneo la malaria, mara nyingi amekonda kwa sababu uvimbe ulimzuia kula, na sasa dawa zimempunguzia askari wa mwili.

Historia ya ziwa lenyewe yatosha kuonya. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za uliokuwa Mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na 547 wakafariki. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba walioambukizwa zaidi ni waliokunywa maji ya Ziwa Victoria au ya mito, waliokula pamoja na mtu anayehara, na waliohudhuria karamu za matanga. Katika kipindi hicho hicho, Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wa ziwa hilo kuingia katika masoko yake kwa hofu ya salmonela na kipindupindu, na viwanda vya kusindika sangara, ambao wenyeji huwaita mbuta, vikapata hasara kubwa.

Wavuvi na wachuuzi walilalama kwamba samaki akipikwa hana madhara, na walisema kweli. Bakteria hawa hawahimili moto. Ngege aliyeiva hadi nyama ikaachana na mifupa, na omena waliooshwa kwa maji safi wakakaangwa vizuri, ni chakula bora kwa mtoto anayehitaji nguvu. Hatari iko kabla ya moto na baada yake: omena walioanikwa mchangani ambako kuku na mbuzi hupita, kisu kilichopasua samaki mbichi kisha kikakata nyanya, ugali na mchuzi uliolala katika joto la Kisumu na kuliwa asubuhi bila kuchemshwa tena.

Ushauri wa madaktari wa leo kwa familia hizi ni wa kawaida. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko. Maziwa yachemshwe, na mtoto asipewe maziwa lala yaliyogandishwa bila kuchemshwa. Mayai yaive. Matunda yaoshwe na kumenywa. Mikono ioshwe kwa sabuni, kuanzia kwa mpishi.

Zamani hospitali nyingi duniani ziliwapiga marufuku wagonjwa wa saratani ya damu kula matunda na mboga mbichi za aina yoyote. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba katazo hilo kali halileti faida kuliko usafi wa kawaida wa kupika na kuhifadhi chakula, na linaweza kumnyima mgonjwa hamu ya kula. Kinachookoa ni maji safi, moto na sabuni.

Jambo la pili ni homa. Kando ya ziwa, mtoto akipata joto mzazi huwaza malaria, akanunua dawa dukani na kungoja. Kwa mtoto anayetibiwa saratani, kungoja huko kunaweza kumuua. Joto likifika nyuzi 38 lazima arudishwe hospitalini mara moja, usiku au mchana, apewe dawa za kuua bakteria kupitia mshipa bila kusubiri majibu ya maabara.

Sharti hilo ni jepesi kwa anayeishi mjini Kisumu, karibu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na ambayo wakazi bado huiita Russia. Kwa mama aliye kisiwani Mfangano au Rusinga, au aliye mashambani bila nauli, saa chache hizo ndizo humpokonya mwana.

Tofauti hiyo yaonekana katika hesabu za dunia. Katika mataifa tajiri, takriban watoto tisa kati ya kumi wenye saratani ya Burkitt hupona, kwa sababu hupewa dawa kali wakiwa wamelindwa dhidi ya maambukizi. Katika nchi nyingi za Afrika, wanaopona ni nusu au pungufu. Nchini Malawi, madaktari walilazimika kupunguza ukali wa dawa baada ya kuona kwamba dozi za Ulaya ziliwaua watoto wengi kwa madhara yake.

KUTOKA SARATANI HADI NYUZINYUZI

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akaendelea na utafiti London chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba. Wengi walidhani angeishi kwa kutegemea sifa ya saratani iliyobeba jina lake. Badala yake, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 55, alianza kazi nyingine.

Aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni Afrika kama alivyofanya zamani, safari hii akiuliza ni magonjwa gani hawayaoni. Majibu yalionyesha kwamba saratani ya utumbo mpana, mawe ya nyongo na kidole tumbo yalikuwa nadra vijijini, ilhali Uingereza yalijaa. Akishirikiana na rafiki yake wa zamani Trowell, alihusisha jambo hilo na nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka zisizokobolewa, maharagwe, mboga na matunda.

Kitabu chake kuhusu nyuzinyuzi, kilichotoka mwaka 1979, kiliuzwa kwa wingi na kubadilisha mkate wa asubuhi wa mamilioni ya watu. Si madai yake yote yaliyothibitishwa, lakini kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana ni jambo linalokubaliwa na wataalamu hivi leo.

Hivyo mtu aliyeanza na uvimbe wa taya alimalizia kwenye sahani ya chakula. Sahani aliyoisifu, ya ugali wa unga usiokobolewa, maharagwe na mboga za kienyeji, ndiyo iliyopo Nyanza. Inamfaa hata mtoto wa saratani, mradi imeoshwa, imeiva na imeliwa ingali moto.

Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza mwaka 1972. Hakujikweza. Aliwakumbusha watu kwamba si yeye wa kwanza kuona ugonjwa ule, kwani Albert Cook, daktari wa misheni aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha maelezo ya wagonjwa wa namna hiyo. Alifariki Machi 23, 1993 nchini Uingereza baada ya kupatwa na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 82.

RAMANI INAYONGOJA

Kazi aliyoianza iliendelea ufuoni. Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini, KEMRI, pamoja na washirika wake, wamefuatilia watoto wa Kisumu kwa miaka mingi ili kuelewa jinsi malaria na kirusi cha Epstein-Barr zinavyosaidiana. Kati ya mwaka 2010 na 2016, utafiti mkubwa ulifanywa kwa pamoja Uganda, Tanzania na magharibi mwa Kenya. Vyandarua na dawa za malaria vimepunguza makali ya ugonjwa huo katika sehemu nyingi, na huenda vikapunguza saratani hiyo pia.

Hata hivyo, mtoto anayeugua leo hawezi kungoja malaria iishe. Dawa zinazoyeyusha uvimbe wake zimejulikana kwa zaidi ya miaka 60. Kilichobaki ni kumfikisha hospitalini kabla uvimbe haujasambaa, na kumlinda dhidi ya bakteria katika wiki ambazo damu yake haina walinzi.

Burkitt alichomeka pini mahali ambapo watoto waliugua. Leo ramani ya ufuo huo huo yahitaji pini za aina nyingine: mahali penye kisima salama, mahali penye choo, mahali ambapo omena huanikwa juu ya vichanja badala ya mchangani, na umbali wa kila kijiji kutoka kwa daktari anayeweza kutoa dawa ya mshipa usiku wa manane. Pini hizo hazihitaji gari la kwenda hadi Afrika Kusini. Zinaweza kuchomekwa na afisa wa afya wa wadi, akiwa na ramani ya eneo lake na swali lile moja: wapi?